Ayutthaya Nyuma ya Blanketi

Ujumbe wa Najat uliingia Jumatano asubuhi nikiwa nimeinama jikoni napuliza moto wa kuni mbichi, na nilipomaliza kuusikiliza nilitamani kuitupa simu kwenye moto huo huo, labda ungewaka.

"Dada Doreen, samahani sana," alisema kwa ile sauti yake ya Dar, tamu hata anapokuletea habari mbaya. "Wathai wamesikiliza. Wanasema una sauti nzuri mno. Ila wanauliza, kwenye dakika ya saba, ni nani huyo anayesema 'ndaga fijo'?"

Ni mama mkwe wangu. Alikuwa anamshukuru jirani aliyemletea chipukizi la mgomba, na kwake shukrani haisemwi kwa kunong'ona. Sasa mimi nitawaelezaje Wathai jambo hilo?

Kazi yenyewe, kwa maneno, ni rahisi. Huko Thailand kuna mkoa unaitwa Ayutthaya, mkoa wa magofu na historia, na mgeni akifika anavalishwa vidude vya masikioni ili atembee huku anasimuliwa kwa lugha yake. Lugha nyingine walikuwa nazo. Wakataka na Kiswahili. Najat, anayefanya kazi na kampuni moja ndogo ya kutafsiri, alinikumbuka kutoka enzi zangu za redio Mbeya, akanitumia maandishi ya dakika kumi na mbili. Nisome vizuri, nirekodi mahali penye utulivu, mwishoni niache sekunde thelathini za kimya kitupu kwa ajili ya mafundi wao, basi. Mwisho Ijumaa saa sita mchana. Ayutthaya ikipita, mikoa mingine yote ni yangu. Isipopita, kuna bwana mmoja Nairobi anasubiri.

Nilikuwa naitaka kazi hii mno. Miaka minane nilikuwa mtangazaji. Asubuhi Mbeya ilikuwa inaamka na mimi. Kisha redio ikapunguza watu, nikiwemo, mimi na mume wangu tukahamia nyumbani kwa wakwe zangu Mpuguso, na kwa miaka miwili sauti hii imekuwa ya kufukuzia kuku kwenye mahindi.

Lakini anayetafuta kimya asije Rungwe mwezi wa nne. Mara ya kwanza nilirekodi chumbani kwetu, mvua ikaja juu ya bati, na Ayutthaya yote ikasikika kama inakaangwa. Mara ya pili nilipanda Tukuyu mjini, kwa Kheri mpiga picha, ambaye studio yake ina dari nzuri na pazia lenye picha ya maporomoko. Kheri, Mungu ambariki, alifunga duka kwa ajili yangu na kumfukuza hadi bibi harusi. Ukuta wa pili kuna mchomea mageti. Kheri alikwenda kumwomba apumzike kidogo, wakaanza kubishana kuhusu geti fulani la mwaka jana, na ubishi wao ndio nilioutuma Dar. Mara ya tatu chumba cha mchungaji kanisani, kumbe kwaya ya akina mama inafanya mazoezi. Mara ya nne ndiyo hiyo ya chipukizi la mgomba, nimejifungia stoo, katikati ya magunia ya viazi.

Na hapo bado sijamtaja baba mkwe.

Kwetu Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Wazee wanaita ukutila. Mjini wengi wameshaacha, wanakaa sebule moja na wakwe zao wanabishana mpira. Nyumbani kwetu Mpuguso haijaachwa hata chembe. Jina lake silitamki, hata hapa silitamki. Nikikatiza uani napiga makofi kwanza ili ageuke au ajiondoe. Akipita yeye anakohoa, nami naingia kwenye migomba nasimama huko na ndoo yangu kichwani mpaka apite. Siku ya harusi nilikuwa na shela usoni, naye alikaa benchi la mwisho kabisa, akaondoka kabla hatujageuka. Miaka kumi na mmoja. Namjua kwa mabuti yake ya mpira pale mlangoni na kwa sauti anayowasemesha watu wengine, sauti nzito, ya kukaa chini kabisa, ambayo mtu angenipa redio leo ningeipangia taarifa ya habari ya saa mbili. Kwa sauti hiyo nilijijengea kichwani mzee mmoja mkubwa, anayeinama akiingia mlangoni.

Tangu mwezi wa pili alikuwa hatoki chumbani kwa sababu ya kifua. Mume wangu Ezron, anayeendesha lori la kukusanya majani ya chai, alimpeleka hospitali. Baadaye aliniambia daktari amesema apate joto na apumzike, na kwamba tusitegemee mengi. Basi mzee alikuwa amelala tu. Dirisha lake linatazamana na stoo.

Jumatano hiyo hiyo nikaingia tena stoo. Nikakohoa, nikanywa maji ya vuguvugu, nikabonyeza. "Karibu Ayutthaya. Mbele yako ni mji uliokuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka mia nne, mji uliozungukwa na mito mitatu..."

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe, Alinanuswe, mikono ina unga.

"Baba anauliza, mito mitatu yote hiyo, masika hawafuriki?"

"Wanafuriki, mama."

"Haya."

Akaenda. Nikamsikia anapeleka jibu. Nikaanza upya. Nikafika kwa jeshi la Burma lililouteketeza mji mwaka 1767. Mlango.

"Baba anauliza, mfalme alikuwa wapi wakati mji unaungua?"

"Mama, narekodi."

"Najua unarekodi. Anauliza mfalme alikuwa wapi."

Sikujua mfalme alikuwa wapi. Haikuandikwa. Nikasema alikuwemo mjini, nikiomba Mungu iwe kweli. Jibu likapelekwa, na kupitia dirisha lake nikasikia ile sauti nzito ikisema kwamba heri yake, mfalme asikimbie. Nikaanza upya. Sasa nikafika kwenye ile sehemu ya hekalu ambamo mti umekumbatia kwa mizizi yake kichwa cha sanamu ya Buddha: "Ukitaka kupiga picha hapa, usisimame. Chuchumaa, kichwa chako kiwe chini ya kichwa hicho, kwa heshima." Mlango.

"Baba anasema hao watu wana adabu. Anasema soma tena hapo."

"Mama, tafadhali. Mwambie baba kwamba..."

Nikaishia hapo. Nimwambie nini? Mwanamke hamtumii baba mkwe ujumbe wa kumnyamazisha. Nilisoma tena hapo. Nikaombwa tena, nikasoma mara ya tatu, kwa sauti ya taarifa ya habari na moyo wa mtu anayetaka kupiga teke gunia. Kisha nikalipiga teke. Viazi havina huruma, kidole kiliniuma mpaka Ijumaa.

Alhamisi mvua haikukatika tangu alfajiri. Nilikaa kitandani na karatasi zangu, ambazo kwa unyevu zilikuwa zimelegea kama chapati, nikaanza kumtungia Najat ujumbe wa kukubali kushindwa. Bado natafuta maneno, mama mkwe akasimama mlangoni. Hakuingia. Alikuwa ameshika kiuno.

"Baba anasema utumie chumba chake."

Nilidhani sijasikia. Chumba chake ndicho chenye dari katika nyumba yote, Ezron aliipigilia mwenyewe mwaka juzi, mbao mbili mbili, kwa ajili ya kile kifua. Mvua humo husikika kwa mbali. Lakini chumba cha baba mkwe!

"Yeye atakwenda wapi?" nikauliza.

"Atakwenda wapi na mvua hii? Atakuwemo. Nimesema mimi sikubali. Nimesema shangazi wa Masoko, yule dada yake, akisikia tutakwisha. Anasema tutundike blanketi." Akavuta pumzi. "Kazi gani hii, mwanangu, ya kuwaelekeza watu njia za nchi ambayo wewe mwenyewe hujaiona?"

Swali zuri.

Ijumaa saa nne asubuhi blanketi la kahawia lilikuwa limeshatundikwa kwenye kamba, ukuta hadi ukuta. Niliambiwa niingie kinyumenyume. Nikaingia kinyumenyume, kanga hadi puani, nimebeba kiti, simu, kipaza sauti na karatasi, nikajigonga kwenye kabati na kuliomba radhi kabati. Nyuma ya blanketi kitanda kililia mara moja. Alikuwa anageukia ukutani. Sikuthubutu hata kumpa shikamoo, na hilo nalo liliniudhi, kuingia chumbani kwa mgonjwa na kukaa bila neno kana kwamba nimekuja kuiba.

Mara ya kwanza, dakika ya nne, mama mkwe alifungua mlango kuhakikisha kama hatujaonana. Mara ya pili, dakika ya tisa, alifungua tena. Nikamwomba kwa Mungu wake na wangu akae jikoni. Mara ya tatu kila kitu kilikaa sawa, na nilipofika dakika ya kumi na moja ulimi wangu mwenyewe ukajikwaa kwenye jina la mto ambao nimeutaja mara mia wiki hiyo. Hapo sikuwa na wa kumlaumu, na hakuna hasira mbaya kama hiyo. Saa ilikuwa tano na dakika kumi na tano.

Ndipo nikagundua kitu. Baba mkwe hakuwa amekohoa. Mtu ambaye kikohozi chake kilikuwa kinatuamsha nyumba nzima, amelala hatua tatu kutoka kwangu kwa saa nzima na ushee, hajakohoa hata mara moja. Nilichokuwa nasikia ni pumzi fupi fupi, na kitanda kikitetemeka kidogo kila zinapombana. Alikuwa anakizuia kikohozi. Niliona aibu, kisha haraka ikanishika, nikabonyeza mara ya nne.

Nakuambia nilisoma. Sijawahi kusoma vile hata siku redio ilipotimiza miaka kumi na mkuu wa mkoa yupo. Mito ilipita, wafalme walipita, mji ukaungua, wafanyabiashara wa Uajemi na Ureno wakateremsha mizigo yao, na mimi sauti imekaa mahali pake, haipandi wala haishuki bila sababu. Nikamaliza kwa kumkaribisha mgeni avuke daraja apumzike kivulini. Nikaweka karatasi chini polepole. Zilibaki zile sekunde thelathini za kimya. Nikaanza kuhesabu nimefumba macho. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na mbili.

"Doreen."

Nilifumbua macho.

"Umeruka pale pa kichwa," ilisema ile sauti nzito nyuma ya blanketi. "Pale pa kuchuchumaa. Hukupasoma."

Nikatazama karatasi. Ukurasa wa nne na wa tano zilikuwa zimegandana kwa unyevu, nimegeuza mbili kwa pamoja. Kweli nimeruka. Simu ilionyesha saa tano na dakika thelathini na moja. Na hapo, sijui kilitokea nini, labda ni wiki nzima iliyonifika kooni, nikasimama mbele ya lile blanketi nikapasuka.

"Baba! Sasa kwa nini hukusema nilipofika hapo? Umeniacha nisome hadi mwisho, bure! Saa sita hiyo hapo! Tangu Jumatano mnanitesa na maswali, mara mafuriko, mara mfalme kakimbilia wapi, nikitaka mninyamazie mnaongea, leo nikikosea ndiyo mnanyamaza! Mnataka nifanye nini mimi? Mnataka nifanye nini?"

Huko nje sufuria ilianguka, ikazunguka, ikatulia. "Ee Kyala," mama mkwe alimwita Mungu wake.

Ndipo nikajisikia. Maneno yangu ya kwanza kwa baba mkwe wangu, baada ya miaka kumi na mmoja, na niliyasema kwa kufoka, nimesimama, yeye amelala. Nikakaa chini, siyo kwenye kiti, chini kabisa sakafuni.

"Nisingeweza kukukatiza," alisema. Alikuwa anapumua kwa shida. "Ulikuwa unasoma vizuri."

Nikavuta karatasi karibu.

"Soma hapo tu. Watapachomeka, si ndiyo? Harakisha. Hiki kifua hakitanivumilia sana."

Nikazitenganisha zile karatasi kwa ukucha. Nikiwa pale pale sakafuni, kipaza sauti mapajani, nikasoma ile aya: usisimame, chuchumaa, kichwa chako kiwe chini. Sekunde arobaini. Nikahesabu thelathini za kimya, zote, hadi ya mwisho. Nikabonyeza kuzima, na nyuma ya blanketi kikohozi cha saa nzima kikatoka kwa pamoja, kirefu, kikatikisa kitanda mpaka mama mkwe akaingia mbio na maji ya moto bila kujali nani yuko wapi.

Mtandao wetu unapatikana chini ya mparachichi, kule karibu na choo. Nilikimbilia huko na simu chini ya jani la mgomba, nikaunganisha vipande vile kwa vidole vinavyoteleza, nikatuma. Ilizunguka, ikazunguka. Iliondoka saa sita kasoro dakika tano. Nikabaki nimesimama kwenye mvua, nikingoja. Baada ya nusu saa Najat akajibu kwa sauti ya kushangilia: imepita, safi kabisa, Wathai wameridhika, Jumatatu nitakutumia Sukhothai. "Na dada, kumbe Tukuyu kuna studio nzuri hivyo! Ni ya nani?"

Nilikuwa nalia, na sikuwa na uhakika kama ni kwa ajili ya kazi.

Jioni Ezron aliporudi alikuta kesi imeshapangwa. Mama mkwe ametuweka sebuleni, mlango wa chumba cha mzee uko wazi kidogo, blanketi bado linaning'inia ndani. Alisema yote. Kwamba nimemsemesha baba. Kwamba siyo kumsemesha tu, nimemfokea, majirani wameisikia. Kwamba shangazi wa Masoko lazima aitwe, na mimi nitoe jogoo, na maneno yasemwe ya kuondoa kosa, kwa sababu yeye hakuolewa katika nyumba hii ili aje kuona mambo haya. Ezron aliangalia viatu vyake. Wiki nzima nimepambana na mvua, mchomea mageti na kwaya, na mume wangu anaangalia viatu.

"Nitatoa," nikasema.

"Hatoi," sauti ikasema kutoka chumbani. "Nani alianza? Mimi nilimwita jina lake. Yeye alijibu. Jogoo atatoka kwangu, na shangazi akija mwambieni aje kwangu."

"Baba Ezron," mama mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua nguvu.

"Nimechoka, Alinanuswe. Nimesikiliza dirishani wiki nzima kama mwizi, nikikutuma wewe uende na kurudi. Una miguu mibaya. Doreen, njoo."

Nilimtazama Ezron. Hatimaye aliinua kichwa, akaniashiria niende.

Nilipoingia, mkono ulikuwa umeshika ukingo wa blanketi. Ukalivuta pembeni.

Alikuwa mtu mdogo. Mfupi kuliko mimi, nadhani, mwembamba, ndani ya sweta la kijani lililomzidi mabega, masikio ya Ezron yamekaa pande zote za uso uliokonda. Macho yalikuwa mekundu kwa kukohoa. Alinitazama kwa muda, bila haya, kama mtu anayesoma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo mikoa mingine, ni ipi?"

"Unaofuata ni Sukhothai. Wanatuma Jumatatu."

Akajivutia sweta mabegani.

"Jumatatu ni mbali," alisema. "Nisomee ile ile."

Nikavuta kiti hadi kando ya kitanda, nikafungua zile karatasi zilizolegea, nikaanza kumkaribisha Ayutthaya. Nilikuwa na hasira kuliko siku zote za wiki ile. Miaka kumi na mmoja tumepishana uani, mimi kwenye migomba na ndoo kichwani, yeye anakohoa ili nimkimbie, na sasa ananyoosha kidole kidogo kuniomba nisome polepole, kana kwamba muda tunao.